Kikapu cha dola 400, kufuli la dola 10

Chukua kikapu kimoja cha gofu ya visahani, kile cha kudumu kinachosimikwa kwenye bustani za umma huko Marekani. Kina uzito wa kilo 25 hivi, na chote ni chuma: nguzo, sinia la waya la kudakia kisahani, duara la juu, na minyororo inayoning'inia kati yake. Kipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hata akikuonea huruma akakulipa senti 20 za dola kwa kilo, utaondoka na dola 5, hela isiyojaza mafuta gari ulilokibebea. Kikapu hichohicho kikiwa kipya huuzwa kati ya dola 300 na 500, na vipo vinavyozidi hapo.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba wenye viwanja wengi wanajilinda na mwizi asiye wao. Wanamfikiria mwokota vyuma mwenye njaa na mkokoteni. Huyo yupo, na nitamrudia. Lakini mtu anayekata kufuli saa nane usiku, akakichomoa kikapu taratibu asikipinde, akaacha benchi na pipa la taka la chuma pale pale vilipo, huyo anajua alichokifuata. Kikapu kizima kina thamani kwa watu wa aina moja tu, nao ni wachezaji. Ama mwizi ni mchezaji anayekitaka kwa ua wa nyumba yake, ama anajua mchezaji wa kumuuzia.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo wenyewe: huchezwa kwa kanuni za gofu ya kawaida, ila fimbo na mpira havipo. Mchezaji husimama kwenye kijukwaa cha zege, akarusha kisahani cha plastiki cha gramu 150 hadi 180, akakifuata kilipoangukia, akarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kutulia ndani ya sinia. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja kamili una vikapu 18, au mashimo 18 kama yanavyoitwa kwa lugha ya gofu, vidogo vina 9. Hakuna mtu wa kukubebea mfuko, wala kiingilio kwa sehemu kubwa ya viwanja, wala sharti la kuvaa shati lenye kola.

Hapo mwanzo hapakuwa na cha kuiba. Vijana wa Rochester, jimbo la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakilenga miti, nguzo za taa na mapipa. Mwaka 1974 waliandaa mashindano ambayo zawadi yake ya kwanza ilikuwa gari jipya aina ya Datsun, na bado shabaha zao hazikumgharimu mtu chochote. Mambo yalibadilika California. Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O na ambaye mwaka 1967 alipewa hataza ya kuboresha kisahani cha Frisbee, alichora uwanja wa kwanza rasmi katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge, mwaka 1975. Alianza na nguzo tupu. Tatizo la nguzo ni ubishi: mmoja anaapa kisahani kimegusa, mwenzake anaapa kimepita pembeni. Headrick akafunga minyororo kuzunguka nguzo na kuweka sinia chini yake, ili mrusho uliofika ujionyeshe wenyewe. Hataza ya kikapu ilitoka mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya yeye kuanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachosimamia mchezo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kufinyangwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

Ubishi ukaisha, ukaanza wizi. Mti hauchukuliki, kikapu watu wawili wanakibeba bila kutoa jasho.

Leo programu ya UDisc, inayotumiwa na wachezaji kuandika alama zao, ina orodha ya viwanja zaidi ya 15,000 duniani. Vingi viko Marekani, ingawa ukigawanya kwa idadi ya watu, Iceland, Finland na Estonia ziko mbele sana. Mwaka 2020, wakati korona imefunga kumbi na viwanja vya ndani, watu walimiminika kwenye mchezo huu wa nje usiohitaji kugusana, hadi visahani vikaadimika madukani. Mwaka 2021 bingwa Paul McBeth alisaini mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10 na kampuni ya Discraft. Mchezo una pesa sasa, lakini pesa hiyo iko kwa watengenezaji na kwa mabingwa wachache. Huku bustanini kikapu kinakaa peke yake msituni, mchana na usiku, bila uzio, bila taa, bila mlinzi.

Mara nyingi mwenye kikapu kwa maandishi ni mji au wilaya. Mwenye uchungu nacho ni klabu ya watu wa kujitolea waliochangishana. Vikapu 18 vya dola 300 ni dola 5,400. Vya dola 500 ni 9,000, kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji. Biashara ndogo za mtaani huchangia kwa kuandikwa jina kwenye bango la shimo fulani. Kikapu cha shimo hilo kikiibwa, bango linabaki limesimama na jina la mfadhili, na anayefika hapo hana pa kurushia. Mashindano ya mwisho wa wiki hayasubiri bajeti ya mji ya mwaka ujao. Ndipo kamati inapokumbuka kufuli.

Kabla ya kufuli, tuangalie chini ya nyasi. Kikapu cha kudumu kwa kawaida hakichimbiwi chenyewe. Kinachochimbiwa ni bomba fupi, linaloshikwa na zege ndani ya shimo la kina cha sentimita 60 hivi. Nguzo ya kikapu huteremshwa ndani ya bomba hilo. Bomba lina sikio la chuma lenye tundu, nguzo ina sikio lake; matundu mawili yakilingana, unapitisha kufuli. Kwa hiyo zege lote hilo halimzuii mwizi hata kidogo. Linalomzuia ni kufuli.

Fundi yeyote wa kuchomelea atauliza hapo: kwa nini usizikie nguzo yenyewe kwenye zege mambo yakaisha? Swali ni la haki, na kwa baadhi ya viwanja jibu ni ndiyo, zikia. Uwanja wa mashimo 9 kwenye bustani ya mtaa, unaochezewa na watoto na wazee, ambao vikapu vyake havijawahi kuhamishwa na havitahamishwa, hauna sababu ya kuwa na kufuli. Lakini uwanja unaochezwa sana ni jambo jingine. Watu mamia wakisimama mahali pamoja kila wiki, nyasi hufa, udongo hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, mizizi ya miti huachwa wazi na mvua ikianza hubeba udongo uliobaki. Dawa yake ni kuhamisha kikapu. Ndiyo maana shimo moja huweza kuwa na mabomba mawili, matatu hata manne yaliyozikwa sehemu tofauti, na kikapu kikazungushwa kati yake ili ardhi ipumzike, au ili shimo liwe gumu zaidi siku ya mashindano. Tena mti ukianguka juu ya kikapu, au mashine ya kukatia nyasi ikikigonga nguzo ikapinda, kilichozikiwa kwenye zege utakitoa kwa nyundo na mtaimbo.

Huo ndio mvutano wote wa suala hili. Kikapu lazima kitoke kirahisi kwa mtunza uwanja na kisitoke kabisa kwa mwizi, na wote wawili wanatumia mlango huohuo.

Bomba lenyewe lina makosa yake. Bomba laini lililosimama wima kwenye zege huweza kuzungushwa na kunyanyuliwa taratibu mpaka likaachia, na shimo lililochimbwa kwa kina kifupi hung'olewa na gari: mnyororo mmoja kwenye nguzo, mwingine nyuma ya gari, dereva anakanyaga mafuta. Mwizi wa hivyo huondoka na kikapu, bomba na bonge la zege kwa pamoja. Kinga yake inajulikana na kila aliyewahi kusimika nguzo za uzio Mwanza au Machakos. Chimba shimo pana chini kuliko juu. Toboa bomba upande wa chini na kupitisha kipande cha nondo kwa kukingamana, ili zege likishika lisiachie. Katika majimbo ya kaskazini kama Minnesota na Michigan kuna adui mwingine, ardhi yenyewe: maji ya udongoni yakiganda wakati wa baridi hulisukuma zege juu kidogo kila mwaka, na bonge lililopanda ni rahisi kung'oa. Huko lazima shimo lishuke chini ya kina ambacho barafu hufika. Kuhusu gari, vizuizi vya nguzo fupi kwenye njia za kuingilia bustanini vinasaidia kuliko chochote unachoweza kufunga kwenye kikapu chenyewe, kwa sababu kubeba kilo 25 kwa mguu gizani hadi barabarani kunamchosha mwizi mvivu. Wezi wengi ni wavivu.

Sasa kufuli. Kosa la kwanza ni la bei: kununua kufuli la dola 10 lenye kigongo kirefu kilicho wazi, ambacho mkasi wa kukatia chuma unakimaliza mara moja. Bora kufuli la mviringo ambalo kigongo chake kimefichwa ndani ya mwili, mkasi ukose pa kuuma. Lakini hapo watu wengi wanasahau kitu. Umenunua kufuli la chuma kigumu, umelifunga kwenye sikio la chuma laini lenye unene wa milimita chache. Mwizi mwenye grenda ya betri hataligusa kufuli lako, atakata sikio. Kama huna njia ya kuongeza unene wa sikio, au kulifunika kwa kipande cha bomba, usitumie hela nyingi kwenye kufuli. Kwa grenda yenyewe hakuna chuma cha kushindana nayo. Kinachoweza kumzuia mwenye grenda ni kelele na cheche, na kelele zinahitaji jirani wa kuzisikia.

Kisha kuna funguo. Hakuna mtu wa kujitolea atakayebeba funguo 18, kwa hiyo klabu hununua makufuli yanayofunguliwa na ufunguo mmoja. Ni jambo la busara, mpaka siku mwanachama mmoja anahamia mji mwingine na ufunguo mfukoni. Na kuna kutu. Kufuli linalokaa nje miaka mitatu bila kufunguliwa huganda, na mwenye kikapu analazimika kulikata mwenyewe. Nadhani makufuli ya viwanjani yaliyokatwa na wenyewe ni mengi kuliko yaliyokatwa na wezi. Matokeo yake ni kwamba baada ya kukatwa mara mbili tatu, kamati inaacha kununua mengine, na bolti ya kawaida inakaa mahali pa kufuli. Bolti ya kawaida inafunguliwa na spana ya kawaida. Bolti zenye vichwa vya ajabu hazisaidii sana, maana seti ya spana za vichwa hivyo inauzwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana. Zipo nati ambazo kichwa chake hukatika ukishakaza, ikabaki sehemu laini isiyoshikika. Hizo ni nzuri kwa kikapu kinachohamishwa mara moja kwa miaka.

Mwizi mwingine hachukui kikapu, anachukua minyororo tu. Ikiwa imening'inizwa kwa kulabu za umbo la S, zibane kwa koleo zifunge kabisa. Kamera za porini, zile za wawindaji zinazofungwa mtini, nazo huibwa. Vifaa vidogo vya kufuatilia mali kwa simu vinavutia, lakini ukikificha ndani ya nguzo ya chuma mawimbi yake hayatoki vizuri, na betri yake utaibadilisha karibu kila mwaka. Vikapu vya kubebeka vinavyoletwa kwa ajili ya mashindano ndivyo vinavyoibika kirahisi kupita vyote, na dawa yake haina ufundi wowote: vikusanywe jioni.

Nilisema nitamrudia mwokota vyuma. Msomaji wa Tanzania na Kenya hahitaji kuelezwa. Alama za barabarani, mifuniko ya mitaro, nyaya za shaba. Vyote hivyo vimekwenda njia moja. Kenya ilikuwa na Sheria ya Vyuma Chakavu tangu 2015, na bado Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, ikarudishwa kwa masharti. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, ilipiga marufuku kulipa fedha taslimu kwa vyuma chakavu, ili kila malipo yaache nyayo benki. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na kwa kawaida mnunuzi anatakiwa kuandika kitambulisho cha muuzaji. Kote huko serikali zilifikia uamuzi wa namna moja: kumbana mnunuzi, kwa sababu nguzo na nyaya haziwezi kulindwa zote.

Klabu za gofu ya visahani zinaweza kutumia njia hiyohiyo kwa gharama ndogo. Picha ya kikapu ibandikwe kwenye maduka ya vyuma chakavu ya jirani; si kila mnunuzi anajua kile kitu cha minyororo ni nini, na akishajua, ataona haraka kwamba hakuna mtu anayetupa kikapu kizima kisicho na kutu. Sekta ya vyuma chakavu ya Marekani ina mfumo wa tahadhari mtandaoni, ScrapTheftAlert, ambao hupeleka taarifa ya wizi kwa wanunuzi walio karibu na tukio.

Ila kwa yule mwizi mwingine, anayemuuzia mchezaji, mnunuzi wa kubanwa ni mchezaji mwenyewe. Hapo kinachohitajika ni alama. Kikapu kisicho na alama hakina mwenyewe: kikishatoka bustanini na kuingia kwenye tangazo la mtandaoni lenye picha yake kwenye nyasi za mtu, kinafanana na vikapu vingine maelfu vya muundo uleule, na polisi hawana cha kushika. Seti ya mihuri ya chuma ya kugongea namba kwa nyundo ni rahisi kuliko kikapu kimoja. Gonga namba ya klabu mahali patatu: sehemu ya nguzo inayoingia ardhini, chini ya sinia, na ndani ya duara la juu. Usichomelee herufi juu ya kikapu kilichokwisha kupakwa zinki. Moshi wa zinki ni sumu kwa fundi, na pale zinki ilipoungua kutu itaanzia hapo. Kama kikapu bado hakijatengenezwa, mwombe mtengenezaji agonge namba kabla ya kukipaka. Rangi nayo inasaidia. Kikapu chekundu au cha buluu isiyouzwa madukani ni vigumu kukitangaza bila mtu kukitambua, na kukipaka upya minyororo na nyaya zake zote ni kazi ya siku nzima.

Namba hizo zina kazi nyingine mbele ya polisi. California, kwa mfano, tangu 2014 wizi wa mali isiyozidi dola 950 kwa kawaida huhesabiwa kosa dogo. Kikapu kimoja cha dola 400 hakifiki hapo. Vikapu vitatu vinafika, lakini ni kama klabu inazo risiti, picha na namba za kuonyesha kwamba vyote vitatu ni vyake na vilinunuliwa kwa bei gani. Nani anatunza risiti za klabu ya watu wa kujitolea? Kwa kawaida ni mtu mmoja, na akiacha uongozi zinaondoka naye. Ziwekwe ofisi ya bustani za mji.

Hukumu yangu basi ni kwamba klabu yenye hela ya kitu kimoja tu inunue mihuri ya namba kabla ya kununua kufuli la bei. Yenye hela ya vitu viwili ichimbe upya mabomba yaliyo karibu na barabara. Kufuli zuri liwe la tatu.

Na msomaji uliye Marekani au Finland, unayetaka kujiwekea kikapu nyuma ya nyumba watoto wacheze: ukiuziwa kikapu cha kudumu cha dola 80, kizima, kilaze ubavu kwanza. Angalia chini ya sinia, kisha sehemu ya nguzo iliyokuwa ardhini. Ukikuta pamesagwa kwa grenda, au sikio limekatwa, usitoe pesa. Piga picha, kisha ipigie simu ofisi ya bustani za umma iliyo karibu nawe uwaulize kama wamepotelewa.